Soli ya Kushoto

Bweni la wafanyakazi, kiwandani
9 Februari

Mama Kasuku,

Salamu nimezitanguliza kwa moyo, barua inazifuata kwa miguu. Mimi nipo, ila pua imekufa kwa gundi. Siku hizi hata supu nikinusa naona inanuka kiatu.

Uliniuliza kazi yenyewe ni nini hasa. Nakata soli. Unatandika ngozi ngumu mezani, juu yake unaweka kisu kilichopindwa sura ya unyayo, mashine inashuka, soli inatoka. Mimi nakata za mguu wa kushoto tu. Za kulia anakata mwenzangu tunayemwita Kijogoo, kwa kuwa huamka kabla ya kengele na kutuamsha wote kwa kuimba vibaya. Tangu nije huku sijakata kiatu kizima hata kimoja. Juzi nikamwambia, "Kijogoo, siku mimi na wewe tukigombana, dunia nzima itachechemea." Akacheka mpaka Nyapara akatugeukia, na Nyapara akikugeukia kicheko kinakuishia tumboni.

Sasa nisikilize. Kifungo amezaliwa mimi nikiwa huku, na mpaka leo sijamwona hata kivuli. Umeniandikia kwamba mama ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alitoka mdogo kama kifungo cha shati. Najua jina lake tu, uso wake siujui. Mpiga picha hapiti huko kwetu. Basi fanya hivi: mweke unyayo kwenye karatasi, zungusha penseli, unitumie. Na wa Kasuku pia, nione umekua vipi. Macho yangu yamekuwa ya miguu. Nikiona mguu ni kama nimemwona mtu.

Mabaki ya ngozi tunaruhusiwa kuchukua. Mwanangu akianza kutembea nitamtengenezea viatu mwenyewe.

Ni mimi,
Baba Kasuku


Nyumbani
2 Machi

Baba Kasuku,

Miguu hiyo imo humu. Ule mstari uliokwenda upogo ni wa Kasuku, alitekenywa na penseli akapiga teke akamwaga maji. Anasema nikuambie kwamba mguu wake siyo mbovu hivyo, ni mama ndiye hajui kuchora. Mdomo ule! Hatukukosea kumwita Kasuku.

Kifungo hakunisumbua. Yeye hasumbui kabisa. Nikimlaza hapa namkuta hapa hapa. Mama yako anasema mtoto mtulivu ni neema, nimshukuru Mungu nisimtafutie maneno. Shingo bado haijakaza vizuri, lakini wanasema wengine huchelewa.

Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu. Unakumbuka tulikuwa na mimba pamoja. Tukajifungua wiki moja. Wa kwake wanamwita Tembo, kwa unene. Ameshakaa, na kila kilicho karibu naye anakivuta kimwangukie. Nilimwambia mwenzangu utanunua vyombo vipya.

Bati la upande wa jikoni linavuja tena. Shemeji alisema atakuja, bado hajaja.

Jitunze kifua.

Mama Kasuku


Bweni la wafanyakazi
21 Machi

Mama Kasuku!

Kidole cha pili kimempita gumba! Umeona? Angalia mguu wangu, yaani ukumbuke mguu wangu. Cha baba yangu kilikuwa hivyo, changu kiko hivyo, na sasa cha Kifungo. Nimembandika ukutani juu ya kitanda, Kasuku kulia, Kifungo kushoto. Kila anayeingia namshika shati namwonyesha. Yuko mzee mmoja hapa anayepaka gundi, tunamwita Mzee Gundi, amesema, "Bwana, wewe mtoto hujamwona, unatuonyesha nyayo kama mwindaji." Nikamwambia huyo ndiye mnyama wangu.

Ila kuna jambo limenikera. Unasema mtoto wa fundi cherehani ameshakaa. Na wetu je? Wametoka wiki moja! Usiniambie damu yangu imepitwa na mtoto wa jirani. Muulize mama, mimi nilitembea kabla sijamaliza kuota meno. Nilipoisoma ile sehemu bwenini, Mzee Gundi akasema, "Huyo anamsubiri babake arudi amfundishe kukaa." Wakacheka wote. Na mimi nilicheka, lakini chai niliiacha mezani.

Niandikie amefika wapi. Niandikie yote. Watu wa hapa wana redio, mimi nina barua zako.

Baba Kasuku


Nyumbani
15 Aprili

Baba Kasuku,

Amekaa.

Jumapili nilimweka kwenye mkeka pale mlangoni, nikamwachia. Akapepesuka kama mlevi, akashika kidole chake cha mguu ili asianguke, kisha akakumbuka kwamba kidole kinaliwa. Akakitia mdomoni, akabinuka. Nilimwinua akakaa tena. Basi waambie wenzako wafunge midomo.

Kasuku ameng'oka jino la mbele. Alilifunga uzi mwenyewe kwenye komeo la mlango, akamwambia bibi yake afunge mlango, bibi akakataa, akaufunga mwenyewe. Sasa ni kibogoyo anayejisifu. Mwalimu anasema anajua herufi zote, tatizo ni kumnyamazisha.

Hapa hakuna jingine. Bati bado.

Mama Kasuku


Bweni la wafanyakazi
8 Mei

Mama watoto wangu,

Umeniponya. Ile barua nimeisoma kwa sauti, nimesimama juu ya kitanda kama mhubiri. Pale pa kidole kuliwa Kijogoo amelia machozi kwa kucheka. Nikatoa mkate na soda kwa bweni zima. Hata Nyapara, mtu ambaye uso wake haujawahi kutabasamu tangu anyonyeshwe, kesho yake alipita mezani kwangu akauliza, "Mwanao bado anakula miguu?" Nikasema ndiyo, mkubwa. Akapita.

Nakwambia ukweli, siku nyingine nikishusha ile mashine naona kama inanikata mimi. Soli ni ile ile, mguu ni ule ule wa kushoto, na watu watakaozikanyaga siwajui. Halafu nakumbuka kuna mguu mmoja ninaoujua. Hapo mkono unaamka.

Kifua kinakohoa kidogo, ni gundi tu. Mkataba unaisha Desemba, nami narudi. Nimeshamwambia Kijogoo aanze kutafuta mkata kushoto mwingine.

Hongera zake Kasuku kwa jino. Mwambie asimalize yote kabla sijafika.

Baba Kasuku


Nyumbani
20 Oktoba

Baba Kasuku,

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa mjini kwa dada. Nilikwenda na Kifungo, tukakaa zaidi ya nilivyopanga, Kasuku akabaki na shangazi yake. Barua zako zote tatu nimezikuta zinaningoja.

Unauliza, unauliza, mpaka kwenye ukingo wa karatasi umeuliza. Haya. Alisimama dede mwezi wa nane, kashika kiti. Na wiki jana ametembea. Aliachia kile kiti, akaangalia mikono yake kana kwamba imemsaliti, kisha akaja. Hatua chache, akakaa chini kwa kishindo, akainuka, akaja tena. Mwenzangu fundi cherehani alikuwa kashika nguo ya mtu mkononi, akaiangusha, akapiga kigelegele mpaka wapita njia wakasimama.

Nimeandika kama ulivyotaka.

Sasa na mimi nina langu moja. Desemba uliyosema, iwe Desemba. Usije ukaniambia Januari. Nimechoka, Baba Kasuku. Si kuchoka kwa kufua na kuchota maji, huko nimekuzoea. Ukija utaona mwenyewe na tutazungumza. Njoo tu.

Mama Kasuku


Bweni la wafanyakazi
14 Novemba

Mke wangu,

Ametembea! Mwaka na mwezi, anatembea! Kijogoo alinibeba mgongoni akanizungusha bweni zima. Nyapara ametoa kipande cha ngozi laini, ile ya viatu vya wakubwa, akanitupia mezani. Hiyo ni kwa viatu vya kwanza vya Kifungo.

Sasa keti nikueleze, na usikasirike kabla hujafika mwisho. Wiki ile ile niliyopata barua yako, ofisi iliita wanaomaliza Desemba. Wanaotaka kuongeza miaka miwili watie sahihi siku hiyo hiyo, wanaokataa nafasi zao zina wenyewe nje ya geti. Nilikuwa nimekwenda kusema nakwenda nyumbani. Naapa. Barua yako ilikuwa mfukoni. Lakini nikiwa kwenye foleni nikawaza: watoto wazima, mmoja anasoma, mwingine anatembea, mama yao anaweza. Kama kungekuwa na mtoto wa shida ningerudi hata kwa kutambaa. Lakini mtoto anayetembea kesho anakwenda shule. Nikasema moyoni, hawa wamesimama, acha na mimi nisimame nao kidogo.

Nimetia sahihi.

Miaka miwili si mingi. Nitumie haraka michoro ya miguu yote miwili ya Kifungo, kushoto na kulia. Kijogoo atakata ya kulia, mimi ya kushoto. Kitakuwa kiatu changu cha kwanza kizima.

Wako,
Baba Kasuku


Nyumbani
5 Desemba

Baba Kasuku,

Barua nimeipata. Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoagiza.

Miguu hiyo hapo.

Mama Kasuku


Bweni la wafanyakazi
29 Desemba

Mama Kasuku,

Leo ni siku ya mapumziko, wenzangu wamekwenda kutembea. Nimebaki makusudi, maana barua hii nisingeweza kuiandika mtu akinichungulia.

Huku tuna kazi moja inaitwa kukuza saizi. Unachukua unyayo wa mtoto, unaukuza hatua kwa hatua mpaka unakuwa wa mtu mzima. Mguu unarefuka, unapanuka, lakini vidole havibadilishani nafasi. Aliyezaliwa na kidole cha pili kirefu anazikwa nacho.

Mchoro wako mpya niliubandika ukutani mahali pa ule wa zamani. Juzi niliubandua nikauweka kwenye kioo cha dirisha, nikauwekea ule wa zamani juu yake, nifurahi tu nione amekua kiasi gani. Gumba ndilo refu. Kwenye miguu yote miwili. Kisigino ni kipana, cha duara. Nikasema mama yake kachora vibaya. Nikaurudia. Penseli yako haikutetemeka hata mahali pamoja, Mama Kasuku. Umechora vizuri sana. Mguu huu si wa mwanangu.

Tangu hapo nazirudia barua zako zote. Nimeona mambo niliyoyaruka. Shingo haijakaza. Hasumbui. Mjini kwa dada mkakaa sana. "Ukija utaona mwenyewe." Na hukuandika hata mara moja kwamba amelia.

Nitauliza mara moja tu. Mwanangu yuko wapi? Kama mlimzika, niambie mlimzika lini, na nani aliingia kaburini kumpokea mahali pangu. Usinitumie tena mguu wa mtu. Sitapiga kelele. Nataka tu kujua huu wa ukutani ninaousalimia kila asubuhi ni wa mtoto gani.

Ngozi laini bado iko chini ya mto. Sijaikata.

Baba yake, kama bado ni baba yake


Nyumbani
18 Januari

Baba Kasuku,

Yuko hai. Nimeandika hilo kwanza ili upumue. Yuko hapa mgongoni kwangu ninapoandika, na anakoroma.

Mguu ule wa kwanza ni wake. Huu mwingine ni wa Tembo, mtoto wa fundi cherehani. Nilidhani mguu ni mguu. Ningejuaje kwamba umekwenda mbali kote huko kusomea vidole?

Kifungo hatembei. Hajakaa. Hajasimama dede wala hajashika kiti. Yote niliyokuandikia ni ya Tembo. Nilikuwa naketi mlangoni na Kifungo mapajani, namwangalia mtoto wa mwenzangu anavyoinuka, halafu naingia ndani nakuandikia. Kila neno lilikuwa kweli, ila halikuwa letu.

Mjini nilimpeleka hospitali. Daktari amesema aliumia siku ile ya kuzaliwa, uchungu ulivyonishika kutwa na mkunga hajafika, mtoto akakosa hewa. Kichwa hakiwezi kuiambia miguu la kufanya. Huenda akakaa akiwa mkubwa. Kutembea hakuniahidi. Nilitaka kukuchorea mguu wake wa kweli, nikakaa na penseli. Wa kulia umepinda kwa ndani na vidole vimejikunja, penseli haikupata pa kupita. Fundi cherehani akaniona ninavyohangaika, akamleta Tembo bila kuniuliza kitu, akamsimamisha kwenye karatasi. Yeye naye alikuwa analia. Usimchukie.

Unataka kujua kwa nini. Kumbuka barua yako ya Machi. "Usiniambie damu yangu imepitwa na mtoto wa jirani." Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia juu ya shingo. Nikachana. Nikasema nimpe hili moja la kukaa, mtu yuko mbali, hana kitu kingine. Ukatoa mkate na soda. Baada ya hapo ningerudi vipi? Njia ya mwongo ni fupi, lakini wewe uliirefusha kila siku kwa kuniuliza.

Na sasa nami niseme, maana nimenyamaza mwaka mzima. Nilikuandikia njoo Desemba. Sikukuandikia ongeza. Ulitia sahihi ukiwa umesimama kwenye foleni, barua yangu mfukoni, hukusubiri hata nikujibu. Ulisema kama kungekuwa na mtoto wa shida ungerudi kwa kutambaa. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje nikakaa karibu na ndoo mpaka Kasuku akanifuata kuniuliza kama nimefukuzwa. Ndiyo, uongo ni wangu. Nilitaka ukuchangamshe, nao ukaniuzia mume. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe ulikuwa unatembeza mtoto ukutani. Mimi namgeuza ubavu huu, namgeuza ubavu huu, ngozi isichubuke.

Anacheka. Hilo ni lake, sikuliazima. Akisikia Kasuku anatoka shule, kabla mlango haujafunguliwa, anacheka. Na juzi ameshika kijiko. Kwa mkono wa kushoto. Hakukipeleka popote, alikishika tu, mpaka chakula kikapoa, na mimi sikuthubutu kusogea.

Nakutumia mguu wake. Wa kulia nimeuchora kwa vipande vipande.

Mama Kasuku na Kifungo


Nyumbani
20 Machi

Baba Kasuku,

Hujajibu. Kama una hasira, iandike. Hata tusi lina mwandiko, nitajua u mzima.

Mama yako anauliza kila siku kama barua imekuja. Nimemwambia uko kwenye kazi nyingi. Umeona? Nimeshazoea.

Mama Kasuku


Bweni la wafanyakazi
11 Aprili

Mama Kasuku,

Sina hasira. Nilikuwa nayo, ikakosa wa kumkalia. Nilianza na wewe, ikahamia kwa mkunga, ikahamia kwa fundi cherehani na mwanawe wa watu, mwisho ikarudi nyumbani kwake, kwangu. Mimi ndiye niliyesema damu yangu.

Nilikwenda ofisini. Nilisema mtoto wangu mgonjwa, naomba nivunje mkataba. Yule karani hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili akasema, "Lakini hapa Nyapara wako ameandika umeongeza kwa furaha, umemsimulia mwanao anatembea." Nikasema alikuwa anatembea. Akaniuliza ameacha lini. Hati zangu za kusafiria ziko kwenye kabati lao mpaka miaka miwili iishe, na geti lina walinzi. Nilirudi mezani, nikakata za kushoto mpaka jioni.

Ule mguu wa Tembo nimeutoa ukutani. Sikuuchana, mtoto hana kosa. Nimeukunja nimeuweka kwenye sanduku. Mahali pake sijabandika kitu. Kijogoo ameona, akauliza, "Vipi, Kifungo hatulii hata ukutani siku hizi? Anakimbia?" Bweni zima likageuka kunisikiliza. Wana hamu naye kuliko na watoto wao wenyewe, nimewazoesha mimi.

Nikasema anakimbia.

Sasa tuko wawili.

Viatu nimevitengeneza. Ya kushoto niliikata mashineni, mkono unaijua. Ya kulia sikumpa Kijogoo. Angeuliza ni mguu wa nani huo. Nilisubiri watoke kwenda kula, nikaikata mwenyewe kwa kisu cha mkono, kwa kufuata vipande vyako. Sijawahi kukata ya kulia tangu nije huku. Nimeharibu mbili. Ya tatu imefuata mguu wake, kidole kwa kidole, na ndani nimeishona kwa ile ngozi laini ya Nyapara ili isimchubue. Mzee Gundi alirudi mapema akanikuta. Aliangalia ile soli iliyopinda, akaniangalia mimi. Alikaa akanipakia gundi, polepole, akapuliza mpaka ikakauka. Kisha akasema, "Wangu ilikuwa macho, hakuona," akaenda zake.

Vya Kasuku navyo nimevipiga misumari mingi, maana najua hakanyagi, anapondaponda. Vya Kifungo sikupiga msumari.

Lile la kijiko nimelisoma mpaka karatasi imelegea mkunjo. Sikulisimulia bwenini. Sijui ni kwa kuona haya au ni kwa choyo. Nadhani ni vyote viwili, nakwambia kama lilivyo. Lakini nikiwa peke yangu mashineni naliinua kidogo, naliangalia. Kwa mkono wa kushoto, umesema.

Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema. Mimi sipo, mke wangu, na si kwa kutaka tena. Niandikie ya Kifungo hata kama hakuna kitu. Andika "leo hakuna." Nitaisoma.

Baba Kasuku na Kifungo


Nyumbani
6 Juni

Baba,

Naandika mimi mwenyewe Kasuku. Mama ameniambia andika unachotaka, yeye hatasoma. Mwalimu amenipa tiki tatu kwa mwandiko.

Viatu vimefika. Asante. Mimi vyangu nilivaa siku ile ile. Nilikwenda navyo shule na kisimani na kwa shangazi na kwenye matope. Mama alinigombeza. Nilicheza kamba navyo.

Kifungo anavaa vyake kila siku. Vinamtosha. Mama anamvalisha asubuhi, kushoto kwanza, halafu kulia, anafunga kamba, halafu anamweka kwenye mto. Tembo alitaka kuvijaribu nikamkataza, nikamwambia hivi ni vya mguu wa Kifungo tu dunia nzima hakuna mwingine. Akalia. Mama akaniambia nimesema vizuri lakini niombe msamaha.

Kifungo anapenda kuvinusa. Nikimsogezea kimoja karibu na pua anacheka. Bibi anasema vinanuka gundi. Mimi naona vinanuka wewe lakini sikumbuki vizuri.

Baba, viatu vyangu vimeisha. Upande mmoja umetoboka, wa kushoto. Mama ameweka karatasi ndani.

Vya Kifungo bado ni vipya kabisa. Hata chini.

Mimi mwanao,
Kasuku